Kanga na Wenyewe: Shajara ya Maonyesho ya Ng'ambo

Kaskazi, kabla ya Ramadhani

Chumba cha maonyesho ya kanga kimepatikana, hapa Ng'ambo, Unguja. Zamani kilikuwa duka la samani, si mbali na majumba ya Michenzani. Kina madirisha mawili yanayopokea jua la asubuhi, sakafu ya saruji iliyochimbika pembeni, na feni inayolia kila inapozunguka. Mji Mkongwe zipo kumbi nzuri kuliko hiki, zenye taa za kuelekeza na kuta zilizopakwa rangi juzi. Nilizikataa. Mama wa Kikwajuni akiingia nyumba ya sanaa kule, hutazamwa kama aliyepotea njia, na mimi sitaki maonyesho ambayo wenye vitu wanaona haya kuja kuvitazama.

Tena kanga na Ng'ambo havitengani. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitoka 1897, na wengi waliotoka katika utumwa walijenga huku, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiukata mji. Mtumwa wa kike alikuwa akijifunga kaniki, ile merikani, yaani kitambaa cha pamba tupu, iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Alipopata uhuru na senti zake mwenyewe alinunua kanga. Kitambaa hicho kilikuwa tangazo, na kila aliyepishana naye njiani alilielewa, asome asisome.

Mradi wenyewe, kwa atakayeifungua shajara hii baadaye bila kunijua: wanawake wa shehia za jirani wataleta kila mmoja kanga moja aliyoitunza na kueleza kwa nini aliitunza. Wasanii wanne wa kike, yaani mchoraji, mpiga picha, fundi wa hina na piko, na mshonaji, watakaa nao mpaka itoke kazi mpya. Wenye fani huiita sanaa shirikishi. Sheha nilipomweleza hayo yote aliuliza swali moja, nalo lilikuwa bora kuliko yote niliyoulizwa na watu wa ufadhili: "Na hivyo vikao, nauli na maji nani anatoa?"

Fomu ya mfadhili ina kisanduku kinachotaka "idadi ya wanawake watakaowezeshwa". Nimejaza idadi ya watakaolipwa, kwa kuwa hiyo naweza kuihesabu na kuitolea risiti. Tuone kama itarudishwa.

Ramadhani, usiku

Vikao ni baada ya tarawehe, kwa bibi mmoja ambaye ukumbi wake unaenea mikeka minne. Kuna chai ya tangawizi na kaimati. Wanaume hawaingii. Rekoda haiwashwi mpaka kila aliyekaa aseme ndiyo, na anayesema hapana habanwi aeleze sababu.

Njia hii ya kuketi kwanza na kuchora baadaye sikuibuni. Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954 na kufanya maonyesho yake ya kwanza Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1980, aliipitia katikati ya miaka ya 1980. Alikutana na wanawake Skive huko Denmark, kisha Dar es Salaam, kisha Kolkata, akazungumza nao faraghani kuhusu maisha yao, ndipo akachora na kuandika mashairi. Kwake mazungumzo yalikuwa nusu ya kazi. Nimewaeleza wasanii wetu habari zake, nikaongeza sharti moja ambalo ni letu: kazi ikimalizika inarudi ukumbini kwa bibi, kwenye mikeka ileile, na mwenye kanga ana haki ya kuikataa. Mchoraji hakufurahi. Anasema msanii akiombewa idhini hataweza kuchora ukweli. Nimemjibu kwamba anaweza kuchora ukweli wake kuhusu kanga yake mwenyewe, na hapo hatamwomba mtu. Tumeachana hapo, kwa leo.

Kanga zinakuja, na karibu kila moja inabadilisha kidogo nilichodhani maonyesho haya yatakuwa. Kisutu niliitarajia, nyekundu na nyeusi na nyeupe, maana bi arusi wa hapa haondoki kwao bila kisutu. Sikuitarajia ile aliyoileta mama mzaliwa wa Paje aliyeolewa huku mjini. Jina lake *Japo sipati tamaa sikati*. Aliinunua kwa fedha yake ya kwanza ya mwani, wakati kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo, anasema, alikuwa hajawahi kujichagulia kanga: aliletewa na mume, au na kaka, na akishaletewa hushukuru. Siku hiyo alisimama dukani mpaka muuzaji akachoka, akifungua hii na kuikunja ile, kwa raha tu ya kuchagua. Wenzake walicheka sana. Mmoja akasema hata yeye anamjua huyo muuzaji.

Mwengine alikuja mikono mitupu. Kanga yake ndiyo iliyoshikwa juu ya mama yake wakati wa kuoshwa maiti, na haitoki kabatini. Alitaka tu ijulikane kwamba ipo. Nimeandika nafasi yake kwenye mpango wa ukuta: ndoano mbili, bila kitu, na maneno atakayoyasema yeye.

Mwisho wa Ramadhani

Hati ya kuazimana kanga imechukua muda kuliko kazi nyingine yoyote. Rasimu ya mwanzo niliitoa kwenye mfano wa makumbusho: mwazimishaji anakabidhi, kitu kinakaa mpaka siku ya kufunga, hakiguswi. Nilipoisoma kikaoni, bibi mwenye nyumba aliuliza, "Na nikialikwa harusi, mwanangu, nivae nini?"

Nilidhani ni mzaha. Wenzake hawakucheka. Kanga ile ni sare, amefanana na dada zake wawili, na harusi ya mjukuu iko mwezi huohuo wa maonyesho. Tukalizungumza mpaka karibu na daku. Sasa hati ina kifungu kinachosema mwenye kanga anaweza kuichukua kwa shughuli, akaivaa, akairudisha. Kwenye ndoano kinabaki kikaratasi: *Imekwenda harusini*. Au mazishini, au popote atakapotaka pasemwe.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kuhifadhi nguo za kale, nilipompigia simu, alinyamaza kwanza, kisha akasema jasho lina chumvi na asidi na udi una mafuta. Anajua anachosema. Lakini kanga hizi zimeishi miaka yote hiyo zikivaliwa, zikafuliwa, zikaanikwa na kufukizwa, na wala sizihifadhi kwa ajili ya karne ijayo. Kwa kipande kimoja tu nimemfuata neno kwa neno, nacho nakieleza hapa chini.

Masika

Mvua. Chumba kinanuka saruji mbichi. Tumenunua kipima unyevu cha bei nafuu na kimekaa juu sana tangu tukitundike. Kanga mpya zisizowahi kufuliwa ndizo zinazonitia wasiwasi, maana bado zina wanga wa kiwandani, na wanga huita ukungu na vile vidudu vya fedha vinavyokula karatasi. Tumeomba ruhusa ya wenyewe tukazifua. Nyingine zimekunjwa ndani ya merikani isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara kadhaa, kwa kuwa karatasi isiyo na asidi ni ghali na hapa haipatikani. Pini za chuma tumeziondoa zote, katika hewa hii ya chumvi hushika kutu na kuacha doa. Madirisha ya mashariki yamewekewa pazia zito. Taa tumezipunguza mpaka mshonaji analalamika haoni uzi, na kwa kipande cha zamani tunashikilia lux 50 kwa kipimo cha mwanga, yaani mwanga hafifu.

Kipande hicho kimetoka kwenye sanduku la familia moja ya hapa hapa. Si doti, ni upande mmoja, umechanika kwenye pindo, na jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi kabla ya herufi za Kirumi kushika soko. Mpiga picha ana shahada na mimi ninayo, na sote wawili tulikwama kwenye neno la pili. Bi mkubwa mmoja, aliyesoma chuo cha Qurani tu na hakuwahi kupelekwa skuli, akavaa miwani yake na kulisoma lote kwa pumzi moja. Nilimwomba aandike maelezo ya kipande hicho yeye, kwa mkono wake na kwa herufi zilezile. Ameandika. Ndiyo yatakayotundikwa, ya Kirumi yatakuwa chini yake kwa maandishi madogo.

Masika, bado

Ugomvi wa ubao wa historia.

Niliandika habari ya merikani na kaniki na 1897, kisha nikaweka jambo ambalo vitabu vingi hulipita: amri ya 1897 haikuwahusu masuria. Wao waliachwa nje kwa hoja kwamba wako ndani ya nyumba kama wake, na sheria ikaja kuwafikia 1909. Kwa maonyesho yanayozungumzia uwezo wa mwanamke naona hilo ndilo la kuwekwa mbele kuliko yote. Uhuru ulitangazwa, na wanawake fulani wakaambiwa wao wangoje miaka kumi na miwili.

Niliposoma, ukumbi uligawanyika. Mama mmoja alisema jambo hilo linatia aibu majumba ya watu na watoto wao wako hai. Mwengine, sauti ya juu zaidi, alisema suria si mtumwa wa shamba, usiwatie kapu moja: Sayyid Majid na Sayyid Barghash, masultani wa hapa, wote mama zao walikuwa masuria, na Sayyida Salme pia, yule aliyejifundisha kuandika kwa siri na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Hapo msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa kimya tangu Ramadhani, akasema kwao wanasema bibi yao mkuu alitoka Nyasa, na hakuna anayetaja alitoka vipi. "Kama ubao hausemi," akasema, "mimi nitaendelea kuambiwa alikuja kutembea."

Sikuamua usiku ule. Kwa maoni yangu ubao usiosema 1909 ungekuwa pambo, na hilo niliwaambia wazi. Lakini waliokataa hawakuwa wakiutetea utumwa, walikuwa wakiwalinda mabibi zao wasigeuzwe kuwa mfano wa somo la mtu mwengine. Tulichokubaliana baada ya vikao vingine ni kuweka ubao, na tarehe zote mbili, bila jina la ukoo wowote. Hoja ya yule mama kuhusu masuria na masultani imo, kwa maneno yake. Hoja ya msichana imo, kwa maneno yake. Wageni watazikuta zimepingana, na mimi sina nia ya kuzipatanisha.

Sehemu ya Siti binti Saad imekwenda haraka, kila mtu anampenda. Mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi, aliyekuja mjini, akaimba, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kurekodi. Vijana wanamjua kwa jina la *Sauti ya Siti*, jarida la TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania. Nimeweka picha moja na mtungi mmoja. Inatosha.

Masika inakatika

Kanga iliyonipa kazi kubwa kuliko zote ina jina ambalo wengi wanalijua: *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.* Mwenyewe aliivaa kumjibu mtu, miaka mingi iliyopita, siku ya maulidi, mbele ya watu wote. Anataka kisa kielezwe. Anakieleza vizuri mno, na vicheko viwili au vitatu ndani yake. Shida ni kwamba aliyejibiwa yuko hai, anakaa nyumba ya nne kutoka kwake, siku hizi wanapelekeana futari, na naye ameleta kanga.

Kanga ndivyo ilivyo. Anayesema kwa kanga hajasema, na anayeambiwa akilalamika amejitaja mwenyewe. Nikiandika kisa ukutani nimeivunja kinga ya wote wawili, na mimi nitarudi kwangu Mbweni jioni, wao watabaki mtaani. Kwa upande mwengine, ni kisa chake, na ni nani mimi kumwambia akinyamazie kwa jina la maadili ya maonyesho? Nilimwambia hayo yote mawili. Alifikiri siku chache, akanitumia ujumbe wa sauti, na maelezo chini ya kanga yake sasa yanasomeka hivi: *Niliivaa siku nikamaliza. Aliyeambiwa anajua.*

Jirani alipopita kukagua kanga yake mwenyewe aliyasoma, akarudi akayasoma tena, akasema, "Hajambo." Kisha akaomba kanga yake ihamishiwe ukuta wa kukabiliana. Tumeihamisha. Maelezo yake hajaleta, anasema ataleta siku ya kufungua.

Kazi za wasanii zilirudi mikekani wiki hii. Fundi wa hina amefanya jambo zuri kuliko sisi sote: amechora miji ya kanga, yaani michoro yake ya katikati, kwa piko juu ya mikono ya wenyewe, pindo likizunguka kifundo, na kazi itafutika yenyewe. Mchoraji amekataliwa turubai moja. Mwenye kanga alisema amechorwa akihuzunika, na yeye hakuhuzunika, alikuwa amechoka. Mchoraji alikasirika, akaondoka, akarudi na turubai mpya. Ya kwanza ameibakisha nyumbani kwake. Ya pili ni bora, na hilo sijamwambia.

Kuchapa

Kanga mpya ilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo: wanawake watunge jina, tuchapishe. Tukaulizia. Kanga zinazouzwa hapa nyingi huchapwa India, na viwanda havishughuliki na doti chache. Tumekwenda kwa kijana mwenye skrini za kuchapa fulana, tukakata kitambaa cha pamba, rangi mbili tu. Pindo halikunyooka upande mmoja.

Jina lilipigiwa kura kwa punje za mahindi kwenye vikombe, asijulikane nani kachagua lipi. Majina ya heri yalikuwa mengi, ya kusifu mama, ya kumshukuru Mungu. Lililoshinda lilitungwa na mama wa Paje: *Usinisemee, mdomo ninao.* Walipolitangaza waliniangalia mimi wote. Limechapwa.

Kipupwe, maonyesho yamefunguliwa

Saa za kufungua zimepangwa na wao: kuanzia alasiri mpaka kabla ya magharibi, na Jumanne ni ya wanawake pekee. Picha haziruhusiwi. Mgeni mmoja wa kutoka mbali alisikitika kwamba hakuna kitu cha kuweka mtandaoni. Mlinzi wetu, ambaye ni binti wa mwenye kanga ya tatu na analipwa kama mlinzi yeyote, alimwonyesha kiti akamwambia akae atazame.

Siku ya kutundika tulibishana kama kanga zibanwe ukutani au ziachwe zining'inie. Niliwaeleza habari ya Lubaina Himid, msanii mzaliwa wa Unguja mwaka 1954, sawa na Everlyn Nicodemus, aliyechukuliwa Uingereza akiwa mchanga. Mwaka 1985 alikusanya kazi za wasanii wanawake weusi London, katika taasisi ya ICA, na nafasi waliyopewa ilikuwa kwenye ujia. Yeye ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, na baadhi ya picha zake zimefuata umbo la kanga, pindo na mji na jina. Niliwaeleza ili kuonyesha kwamba mahali kitu kinapowekwa ni sehemu ya kinachosemwa. Bibi mwenye nyumba alisikiliza, akauliza kama huyo Lubaina ana jamaa hapa, kisha akaamua: kanga zining'inie kwenye kamba usawa wa kiuno na mabega, mtu apite katikati yake kama anavyopita uani siku ya kufua. Ndivyo zilivyo. Chumba kimekuwa kidogo, watu wanaombana radhi kila hatua, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Ndoano mbili tupu za mwenye kanga ya maiti ndizo watu wanaosimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko zote. Maneno yake ni mafupi: *Ipo. Si ya kutazamwa.*

Sare ilikwenda harusini, ikarudi baada ya siku tatu inanuka udi na pilau. Imetundikwa hivyohivyo.

Jirani ameleta maelezo yake. Kanga ni *Wema hauozi*, na chini ameandika: *Nilimnunulia mtu sikumpa. Aje achukue.* Hakuna aliyeuliza mtu gani. Siku ya kufunga, wakati wa kusaini kurudishiwa, doti ile haikurudi kwa aliyeileta, na kwenye fomu amesaini mwengine. Nimebandika fomu zote mbili pamoja kwenye faili.

Baada ya kufunga

Malipo yamekamilika kwa wenye kanga, wasanii, mlinzi na bibi mwenye ukumbi. Kiwango kilikuwa kimoja kwa mwenye kanga na msanii kwa kila kikao. Mchoraji alilipinga hilo mwanzoni, na mfadhili bado hajalielewa. Kisanduku cha "waliowezeshwa" kimerudi na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Nimejibu kwa orodha ya risiti.

Mama wa Paje na wenzake wameanza kuchapa *Usinisemee* wenyewe, kwa skrini zilezile, na pindo sasa limenyooka. Wameniuliza kama jina hilo ni la mradi au ni lao. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwamba ni lao, na mfadhili amewekewa nakala.

Wanawake wa Wete wamesikia, na wameandika. Wanataka maonyesho yafike Pemba, lakini kwa kanga zao, ubao wao wa historia, na saa zao za kufungua. Kutoka kwetu wanaomba hati ya kuazimana na watu watatu wa kuwaeleza ilivyoandikwa. Bibi mwenye nyumba amekwishajitaja kuwa wa kwanza. Nauli ya boti ya wasanii imo kwenye bajeti, ya wenye kanga haimo, kwa hiyo nimependekeza msanii mmoja abaki. Kikao cha fedha ni Jumatano, baada ya alasiri.